Tairi Moja Kila Upande

Mume wangu alikuwa na sentensi moja aliyoirudia kila mtu alipomtaja marehemu mama yake: "Mimi ndiye niliyetoa zile tairi." Akishaisema watu humpa pole. Mimi hapo hujishughulisha na vikombe. Miaka kumi na mitatu nilijishughulisha na vikombe, kwa sababu nilikuwa nalijua jambo ambalo lingempunguzia mzigo ule, na sikulisema.

Tairi zenyewe zilikuwa za lori letu la shamba. Alilinunua yeye na kaka yake, likiwa limechoka tayari, mwaka soko huria lilipoingia na ikaruhusiwa mtu kusomba pamba yake mwenyewe bila kusubiri gari la chama cha ushirika. Tulikaa ufukweni, mashariki ya Mwanza, njia ya kwenda Magu. Mimi ni mtu wa Ukerewe, nimezaliwa karibu na Nansio, nikaolewa kwa Wasukuma nikiwa na mdomo wangu kamili, na hakuna aliyefanikiwa kuupunguza.

Lori lilikuwa na tairi sita, mbili mbele na nne nyuma, yaani mbili mbili kila upande. Masika tope jeusi la mbuga lilijaa katikati ya zile mbili za nyuma hadi zikawa kama gogo, zinateleza tu bila kukanyaga. Kiangazi jiwe lilinasa palepale katikati na kuzitafuna zote mbili. Kufika wakati wa kuuza pamba, mbili kati ya zile nne zilikuwa zimekwisha kabisa, nyuzi nje. Mpya zilikuwepo Mabatini, kule mjini Mwanza, zimejaa madukani. Soko huria lilituletea kila kitu isipokuwa uwezo wa kukinunua.

Mume wangu akazitoa zile mbovu, akabakiza tairi moja kila upande. Kaka yake, shemeji yangu, alikuja juu.

"Zirudishe hata hivyo hivyo mbovu," alisema. "Zikiwa mbili, moja ikipasuka mwenzake anakushikilia mpaka usimame. Ikiwa moja ikapasuka, mdogo wangu, umebaki na nini?"

"Kaka, tairi mbovu haibebi. Inamwachia mwenzake mzigo wote, siku ikipasuka inamuua na yeye. Bora nzima moja na mzigo mdogo. Tulikuwa tunapakia magunia sabini, sasa tutapakia arobaini."

Mama mkwe wangu alilizunguka gari mara mbili, mikono nyuma. Kiswahili chake kilikuwa cha Kisukuma hasa. "Rimebaki mguu mmoja mmoja," alisema, "kama baiskeri?" Hakucheka, na sisi hatukucheka. Bila zile tairi za nje lori lilionekana limebana miguu, na mwili wake ukawa mkubwa kuliko unavyostahili.

Nilimtetea mume wangu kwa sauti ya juu. Nilimwambia shemeji kwamba yeye gari analijua kwa kulipanda tu. Na hadi leo naamini hesabu ya mume wangu ilikuwa sahihi. Kwa magunia arobaini ya pamba kavu, zile tairi zingetufikisha na kuturudisha.

Sasa nizungumzie maji. Wanunuzi wapya walikuwa wanakuja kila mtu na mizani yake ya kuning'iniza, na kila mizani ilisoma anavyotaka bwana wake. Pamba ile ile, leo kilo hizi, kesho zile. Siku moja nikifua ziwani, jirani yangu akaniambia, "Dada, ukipeleka kavu unakwenda kuwachekesha." Nilikuwa na shamba langu mwenyewe, magunia kumi na manne, na nilitaka cherehani nikashone nguo Igogo mjini na mimi niitwe fundi. Basi jioni ya mwisho, wanaume walipopeleka ng'ombe kunywa maji, nikafungua magunia yangu moja moja. Nilinyunyiza maji yaongeze kilo, nikashindilia, nikanyunyiza tena, nikashona midomo. Sikuona kama naiba. Niliona najibu.

Asubuhi vijana wawili wa kupakia walikuja. Walipofika kwenye magunia yangu mmoja wao alisimama akashika kiuno, akanitazama, nikamtazama hadi akainama tena. Magunia yalikuwa ya watu watatu: ya mume wangu, yangu na ya mama mkwe. Arobaini hayakutimia, nikadhani wamekosea kuhesabu, nikafurahi kwamba mzigo umepungua.

Mume wangu alilizunguka gari. Alichuchumaa upande wa kushoto nyuma, akaibonyeza tairi kwa kidole gumba, kisha kwa kisigino. Chini ilikuwa imetandazika kuliko alivyotarajia, ubavu umetoka nje. Aliisikiliza, sijui alitaka kusikia nini. Halafu akanyanyua uso.

"Mama watoto, magunia yako ni yale yale?"

Nilielewa vizuri alichouliza. Vijana wa kupakia walikuwa hapo, shemeji alikuwa hapo, mama alikuwa hapo. Mdomo ukawahi.

"Ni yale yale. Yangebadilika yawe nini?"

Akaitikia kwa kichwa, akaingia kwenye usukani, shemeji akakaa pembeni yake.

Siku zile mwenye pamba alipanda juu ya pamba yake. Hakuna aliyekubali gunia lake lifike kwenye mizani bila yeye mwenyewe kuwepo. Kwa hiyo mimi na mama tulikaa juu ya mzigo, na mama alipoambiwa aje mbele kwenye kiti alikataa. Yake yalikuwa juu, manane, nikakaa hapo karibu naye. Hatujafika hata barabara kuu nikahisi ubaridi kwenye mapaja. Nikapeleka mkono chini ya kanga. Gunia lilikuwa na unyevu, na halikuwa langu, lilikuwa la mama.

Niligeuka. Alikuwa ananitazama, na ule mkono wangu anauona. Kisha macho yake yakateremka hadi kwenye magunia yangu, pale rangi ya katani ilipokuwa imekoza kwa maji. Tukaelewana bila neno. Mkwe na mke wa mwana, kila mmoja kamshika mwenzake. Aibu niliyoiona siku ile sijaiona tena.

"Mama," nilisema, "tugonge asimame?"

Ukiwa juu ya mzigo, dereva anaitwa kwa kugonga bati la juu ya kichwa chake. Ukigonga anasimama, anashuka, anauliza kuna nini. Na mbele ya shemeji tungejibu nini?

"Akisimama tutasemaje?" mama akauliza. Nilikuwa nimekwisha kunyanyua mkono. Nikaushusha.

Gari lilikuwa linaegemea kushoto. Kila kona lilichelewa kunyooka, na kila lilipochelewa mama alinishika mkono, nami nikamshika. Tukafika mteremko wa mawe, pale ziwa linapoonekana chini jeupe. Nilisali kila sala niliyofundishwa. Nilisikia harufu ya mpira. Nilijua, kabisa nilijua, na bado sikugonga.

Ilipasuka kushoto. Lori likakaa upande huo, halikuwa na kingine cha kukalia, likaenda mtaroni polepole, likalala. Mimi nilitupwa kwenye majani, nikavunjika mkono. Mama alitangulia chini, na magunia yakamfuata.

Watu walikuja kutoka mashambani wakayatoa moja moja, wanne kwa gunia. Mengine yalikuwa yamepasuka na pamba imetapakaa hadi barabarani. Hakuna aliyeikamua pamba. Wote walikuwa wanaitazama tairi. Shemeji alisimama juu yake akilia, akisema, "Nilikuambia, mdogo wangu, nilikuambia," na mume wangu akaitikia, "Uliniambia." Msibani akasema hivyo hivyo mbele ya ukoo mzima. Lori likauzwa vipande, naye hakushika usukani tena maisha yake yote.

Mwaka wa kumi na tatu aliugua, tukajua haponi. Mchana mmoja tulikuwa wawili tu. Nilifunga mlango, nikakaa chini karibu na kitanda, nikamwambia yote: maji, magunia kumi na manne, mkono nilioushusha. Nilitaka afe akijua si tairi. Nilimwambia na ya mama pia, kwamba yake nayo yalikuwa na maji.

Alifumba macho, nikadhani amelala.

"Ya mama nilijua," alisema. "Niliyanyanyua mwenyewe alfajiri, nikayaona mazito. Sikuweza kumuumbua mama yangu, kwa hiyo nikapunguza matano ya kwangu nikayaacha ghalani. Hesabu ikakaa sawa."

Akapumzika, pumzi ilikuwa inamsumbua.

"Ya kwako nilikuuliza."

Alisema hivyo tu, bila hasira. Hasira ningeijibu.