Umbo Lililokuwa Chini ya Wodi ya Wazazi

Miji mingi niliyopitia hungoja bomba lipasuke ndipo lichimbwe. Katika idara moja ya maji nilimkuta mwanamke aliyekataa kungoja. Wenzake humwita Mama Nyuzi, maana ramani yake haina barabara wala nyumba: kila bomba ni uzi, kila kiungo na koki ni fundo. Humo alitafuta umbo linalojirudia palipopasuka.

Kompyuta yake ni kama inafuga mifugo. Huokota vipande vya ramani, huvioanisha, watoto hubadilika kidogo, dhaifu huachwa, kizazi baada ya kizazi. Mwanzoni aliiomba kitu kimoja tu: umbo linaloonekana mara nyingi zaidi. Ikamletea bomba lililoungana na bomba.

"Hongera, shemeji," alisema fundi, mdogo wa mumewe. "Hilo hata paka wangu analijua."

Akaongeza ombi la pili: umbo liwe na sehemu za aina nyingi ndani yake. Maombi hayo huvutana. Hili likizidi, lile hupungua. Kwa hiyo hakutafuta mshindi. Alibakiza kila umbo ambalo hakuna jingine lililolishinda kwa yote mawili, akayabandika ukutani. Fundi akayapitia, kalamu sikioni, utani mdomoni, mara akasimama.

"Hili. Bomba pana, likabanwa, koki, kisha mwisho ulioziba. Ukifunga koki, maji yanarudi kwa kishindo. Nani kakwambia?"

"Hakuna. Na hiyo mashine haijui hata maji ni nini."

Wakarudi kwenye ramani ya mji mzima.

Umbo hilohilo lilikuwepo mahali pamoja ambapo hapajapasuka: chini ya wodi ya wazazi ya hospitali. Meneja wa idara alikubali maji yafungwe asubuhi moja ili pachimbwe, wodi itumie tangi. "Mkikuta bomba zima, Mama Nyuzi, nyuzi zako utaenda kufumia sweta. Kazi hii naifuta."

Udongo ulitoka mkavu. Ukaendelea kutoka mkavu. Meneja akatazama saa. Shimoni, fundi akapiga magoti.

"Shemeji, shuka."

"Na viatu hivi?"

"Shuka, nakwambia."

Akamshika mkono, akaupitisha taratibu juu ya bomba la chuma. Kucha ya Mama Nyuzi ikanasa: ufa mwembamba kama unywele, ambao ulikuwa haujavuja hata tone. Alikuwa amechora mabomba ya mji mzima, na hakuwahi kugusa hata moja. Hakuutoa mkono.