Jumatatu Solomon Alipovua Kanzu

Kaka yangu Solomon alizaliwa Nyeri, akafia Croydon, London, Februari 2001, akiwa na miaka arobaini na miwili. Alikuwa padri, mtawa wa shirika la wahubiri. Siku alipoweka nadhiri alinisimulia habari za Mtakatifu Petro wa Verona, mtawa wa shirika hilo hilo aliyepigwa shoka kichwani karne nyingi zilizopita kwa sababu ya mahubiri yake. Nikamwambia achague mtakatifu aliyefia kitandani. Alicheka mpaka akakohoa.

Huku London, kila Jumatatu asubuhi alisimama karibu na foleni ya ofisi ya uhamiaji na kanzu yake nyeupe. Aliwahubiria watu, akawaonya juu ya mtu aliyekuwa akiwauzia barua bandia. Wengi walirudishwa kwao kwa sababu ya barua zile. Mtu huyo akamtumia salamu: akionekana tena pale, atakiona.

Nilitoka Hounslow, ninakotunza wazee, nikaenda kumbembeleza.

"Usiende tena," nikamwambia.

"Nitaenda, Nyambura. Nani mwingine atawaambia?"

"Basi vua hilo shuka. Linaonekana kutoka Nairobi!"

"Shuka? Mama akikusikia!"

"Vaa koti kama watu, Solomon. Kwa ajili yangu."

"Haya, dada yangu. Jumatatu moja tu."

Koti nilimnunulia mimi, la bluu. Kanzu ikabaki msumarini pamoja na rozari yake.

Jumatatu hiyo alichomwa kisu nyuma ya stesheni ya treni iliyo jirani na ofisi ile, saa nne asubuhi. Yule muuza barua aliijua sura yake, koti halikumsaidia kitu. Liliwazuia wengine tu wasimjue. Hospitali walimwandika mwanamume asiyejulikana. Aliishi mpaka saa kumi jioni, bila kuweza kusema. Padri wa hospitali alipita wodi ile mara mbili. Angeona kanzu, angesimama, angempaka mafuta matakatifu. Solomon, aliyewapaka wagonjwa wengi hivyo, alikufa bila kupakwa.

Nilimwambia mkuu wa nyumba yao kwamba mimi ndiye niliyemvua kanzu. Akasema Mungu haangalii nguo. Naamini. Lakini usiku na mchana naiona ile wodi.

Watawa huzikwa na kanzu zao, na mkuu aliniruhusu nisaidie kumvisha. Nilifunga mkanda, nikaning'iniza rozari upande wa kushoto, alivyozoea.

Koti liko polisi. Wameniandikia mara mbili nikalichukue. Sijaenda.