Ushahidi Nilioutoa Uvira

Niliondoka Bukavu kwa sababu shemeji yangu Zaina alinipigia simu akisema amechoka. Mume wake ni Idi, mdogo wangu. Boti aliyopanda kwenda mji wa Baraka na mizigo yake ya sabuni ilizama ziwani mwaka jana, na maiti haikupatikana. Mama yetu alikataa Idi aswaliwe swala ya maiti. Bila swala hiyo, Zaina hana eda ya kukaa wala ruhusa ya kurudi kwao. Si mke, si mjane. Mimi nafundisha fizikia. Nilidhani nitamweleza mama mambo ya upepo na maji, naye atanyamaza.

Asubuhi tuliteremka milima ya Ngomo. Chini yetu korongo, na dereva ameshika usukani kwa mkono mmoja, simu kwa mwingine. Sikumuuliza breki zilikaguliwa lini. Nilisinzia.

Saa tano, Kamanyola. Kutoka hapo ni uwanda wa Ruzizi, joto na vumbi mpaka kwenye miwa ya Kiliba. Ziwa lilipojitokeza, abiria mmoja alisema ni zuri. Mimi nililichukia.

Saa tisa nilifika nyumbani Uvira, mtaa wa Mulongwe. Alama ya matope ya mafuriko bado iko ukutani, usawa wa kiuno. Mama alikuwa kwenye mkeka akichambua ndagala, dagaa wa ziwani. Alikuwa amekonda mno.

"Karibu, mwalimu. Ulikuja kumuzika mudogo wako?"

Nikaanza somo langu: mawimbi, umbali wa ufuko, nguvu za mtu majini. Nikamkumbusha yule manusura wa boti aliyeona koti la kijani, kama la Idi, likizama.

"Makoti ya kijani iko mengi mu soko," alisema. "Aliona uso?"

"Hapana, mama."

"Na weye uliona?"

"Hapana."

"Basi na weye unaamini tu."

"Mimi nina sababu."

"Na minye niko na sababu. Idi alisema atarudi, na ule mutoto hajanidanganya hata siku moja. Sisemi najua iko muzima. Sijui. Mu ile kutojua, niko naomba Mungu."

Nilipandisha sauti. Nilimwambia anamfunga Zaina kwa ndoto zake. Mama akarudi kwenye ndagala zake. Zaina, aliyekuwa mlangoni, alisema polepole, "Shemeji, muache mama. Minye nataka tu kujua niko nani."

Kesho yake, Ijumaa, nilikwenda msikitini. Nilikuwa sijaingia humo kwa miaka mingi, na nilitegemea shehe atafurahi kumaliza jambo. Kumbe yeye ndiye aliyekuwa mgumu.

"Mwalimu, dini haiue muntu kwa kudhani," alisema. "Lazima muntu wa ukoo aseme kwa yakini. Unashuhudia Idi alikufa?"

Niliangalia viatu vya watu mlangoni. Nilimfikiria Zaina. Darasani, mwanafunzi akiandika jibu bila kuonyesha alivyolipata, nampa sifuri.

"Nashuhudia," nikasema.

Tulisimama safu tatu, mbele yetu hakuna jeneza, mkeka mtupu tu. Swala ya ghaibu, ya maiti asiyekuwepo, haina rukuu wala sijida; unasimama, unatoa takbiri nne, unatoa salamu. Ilikwisha haraka mno. Nyuma ya ukuta Zaina alilia kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu boti izame. Mama hakuja.

Jumamosi nilirudi Bukavu. Zaina alikuwa ameshahamia kwao Nyamianda kukaa eda, akaniambia kwa simu kwamba amelala usingizi. Nilifurahi, na sijutii hilo. Mama alinisindikiza mpaka barabarani na kunipa ndagala kavu. Nilimwomba radhi kwa kumpigia kelele.

"Sikukasirika," alisema. "Fika muzuri. Nitakuombea na weye."

Gari lilipanda Ngomo taratibu kwenye ukungu. Safari hii sikusinzia. Nilikwenda Uvira kumfundisha mama asiamini asichoweza kuthibitisha, na njia nzima nilitafuta mahali alipokosea, nisipate. Mama hakuwahi kusema kwamba anajua. Aliyesema hivyo ni mimi, mbele ya watu, na sikuwa nimeona chochote.