Jumamosi Ambayo Programu Haikuijua

Siku yangu ya kwanza kwenye kampuni ya mabasi pale Gitega, Burundi, Mkuu wa Gereji alinipa penseli, kifutio na karatasi pana, akaniambia, "Basi halichoki, dereva anachoka. Anza na dereva." Nilikuwa nimerudi karibuni kutoka Tanzania. Kwa penseli hiyo nilipanga zamu za madereva mpaka kidole kikaota sugu.

Kisha ikaja programu ya kompyuta. Ninyi vijana mnadhani wazee tuliiogopa. Hata kidogo, mimi niliipenda. Unaipa safari zote za siku, inazikata vipande, halafu inaunga vipande kuwa zamu: nani aondoke Gitega, nani apokee usukani Muyinga. Iliuliza siku za mapumziko, nikajaza sikukuu zote. Jumamosi asubuhi sikuiandika, maana kwetu si mapumziko. Ni kazi za jumuiya, tunaziita travaux, kila mtu na jembe lake, na magari husimama mpaka ziishe.

Basi programu ikampanga Haruna, dereva wa Muyinga, aondoke Gitega kila Jumamosi asubuhi. Kila Jumamosi alizuiwa njiani, akafika amechelewa. Baada ya mara tatu Mkuu wa Uendeshaji akaandika barua ya kumfukuza, na barua hiyo ilitakiwa isainiwe kwanza na mpanga zamu, yaani mimi.

Haruna alikuja ofisini, nikamkaribisha kiti, hakuketi.

"Mama, mi nilikuwa kwa travaux na abiria bote," akasema. "Bisi iko imesimama. We unajua."

Nilijua. Niliona aibu, kisha hasira zikanipanda.

"Saini tu, Mama," Mkuu wa Uendeshaji akaniambia nilipompelekea barua yake. "Machine haikosei."

"Haikosei. Niliyekosea ni mimi, na sisaini."

Akatishia kunistaafisha kabla ya wakati. Nikamwambia anistaafishe, lakini kwanza apande basi la Haruna Jumamosi. Alipanda ili anikomoe. Jumatatu alikuja na malengelenge viganjani, akavuta kiti karibu na kompyuta yangu, akauliza Jumamosi inaingizwa wapi. Tukaiingiza, na muda wa kusimama tukauhesabu kuwa kazi.

Nilistaafu kwa tarehe yangu. Wapo wanaoniita mkaidi, na jina hilo silikatai. Ile barua ninayo kabatini. Mahali pa saini yangu bado ni peupe, na Haruna bado anaendesha.