Mbegu za Kuazima

Ndugu yangu Swabir, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa hapiti chini ya mti bila kuinama. Hapa Munje tulimzoea hivyo tangu utotoni: mifuko imejaa mbegu, mama anafoka akizifua nguo zake. Alipomaliza chuo kikuu, mwaka wa tisini na sita, tulidhani atavaa tai. Akaja na jembe.

"Msomi gani huyu mwenye udongo kwenye kucha?" mama aliuliza.

"Ofisi yangu msitu, mama. Na haina bosi wa kunikaripia ila wewe."

Mradi mmoja wa misitu ulimpa kazi ya kurudishia miti ukingo wa kaya, uliokuwa umekatwa kwa ajili ya mbao. Alitaka mbambakofi, na mikubwa iliyobaki ilikuwa ndani ya kaya yenyewe, msitu mtakatifu wa wazee wetu. Humo mtu hatoki na kitu, hata ukuni. Mzee Alfani, mlinzi wa kaya, alimpokea kwa dhihaka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanachuo. Huko hawakukufundisha kuvua viatu?"

Swabir akavua, akaomba apewe mbegu.

"Kaya haimpi mtu kitu."

"Basi naziazima."

Mzee alicheka mpaka akakohoa. "Wa kwanza huyu! Haya, azima. Lakini zirudi zote, usibakishe hata moja kwenu."

Akaja nazo nyumbani, nyeusi zenye kofia nyekundu. Alizikwaruza kwa msasa ili maji yapenye, akazipanda katika pakiti za maziwa alizookota nyuma ya mahoteli ya Diani, akazipanga ubavuni mwa jiko letu. Kila alfajiri baada ya swala aliniita.

"Dada Twaiba, njoo utazame!"

Nikaona udongo mtupu.

"Ziache, ziko kwenye shughuli zao."

Zikaja mvua za Elinino, na baada ya mvua, mbu. Homa haikumweka sana. Tulimzika mwezi wa Shaabani.

Siku za matanga nilikwenda jikoni kuchukua sufuria, nikaziona zile mbegu zimeota. Kila mche ulikuwa umeinua mbegu yake kichwani kama mzigo. Nikakaa chini. Hapakuwa na wa kuniita, wala wa kumwita.

Watu hupanda mrehani makaburini. Mimi nilitaka mbambakofi, nije nizeeke kwenye kivuli cha ndugu yangu. Mzee Alfani alipokuja kutoa pole, nikamwomba mche mmoja tu.

Hakukataa. "Mwenzio alisema anaazima. Wewe unasemaje, mwanangu?"

Siku ya mazishi nilikuwa nimesema pamoja na watu wote kwamba sisi ni wa Mwenyezi Mungu na kwake tutarejea. Nilisema kwa ulimi tu. Moyo ulikuwa ungali umemshika Swabir, na sasa ulikuwa umeushika na ule mche.

Baada ya Idi, mimi na mama tuliibeba miche yote kwa karai. Mama alivua viatu kabla ya kuambiwa. Tulichana pakiti moja moja, tukaipanda miche pale ukingoni alipopachagua Swabir mwenyewe.

"Hizo pakiti chukua," Mzee Alfani aliniambia. "Si za kaya hizo."

Nimeweka moja kabatini, karibu na msahafu. Pembeni mwake umegandia udongo alioushindilia Swabir kwa kidole chake. Siioshi.