Siku Niliyowaita Wanakwaya Waovu

Jamani, hili jambo naona aibu hata kulisimulia, lakini kwa kuwa Chome nzima wanalijua na wengine wameshalitia chumvi, bora mlisikie kwangu mwenyewe.

Jumapili hiyo nilikuwa nimepanda kutoka Same mjini, ninakouza vipuri vya pikipiki, kwenda kusali kijijini kwetu Chome, mlimani, na (niseme tu ukweli) kumwona mchumba wangu Naelijwa, maana mshenga alikuwa apeleke posa wiki ileile. Mama yake ndiye kiongozi wa kwaya. Kumbe siku hiyo kulikuwa na wageni Wazungu waliokuja kuona mradi wa maji, na mwalimu aliyetakiwa kuwatafsiria alikuwa amekwama njiani, mvua imekata barabara. Mchungaji akauliza, nani anajua Kiingereza? Mkono ukanyanyuka. Wangu! Kiingereza chenyewe nilikiokota kwa miezi mitatu nikibeba mizigo hotelini Moshi, na kingine kwenye Biblia ya Kiingereza, lakini mama mkwe mtarajiwa alikuwa ananitazama, ningekaaje kimya?

Salamu zilikwenda vizuri, nikaanza hata kutanua kifua. Kisha kwaya ikaimba, ikaimba hasa, mpaka mgeni mmoja, kijana mrefu, akasimama anapiga makofi. "This choir is wicked!"

Neno wicked nalijua, limejaa kwenye Zaburi. Nikadhani nimesikia vibaya, lakini akalirudia, basi nikatafsiri kama lilivyo: "Mgeni anasema hii kwaya ni ya waovu."

Mama Naelijwa akafunga kitabu cha nyimbo taratibu. "Muulize, uovu gani?"

Nikamuuliza. Yule kijana akacheka, akasema, "They killed it!"

"Anasema mmeua."

"Tumemuua nani?" akadakia mzee mmoja anayeimba besi.

Hapo ningekaa chini yangeishia hapo, lakini mimi nikajitia kufafanua, nikamgeukia tena mgeni, naye masikini akiona nyuso zimekunjwa akaongeza sifa kwa nguvu zote, eti sauti zao ni sick. Nikawatangazia kwamba sauti zao zinaumwa. Mama Naelijwa akavua joho, akalikunja, akaliweka kwenye benchi, na sauti ya kwanza nzima wakaanza kuvua ya kwao. Mimi jasho linanitiririka na baridi yote ile ya Chome, naiona posa yangu inateremka mlima bila breki.

Aliyeniokoa ni bibi mmoja wa Kizungu mwenye mvi, aliyewahi kufundisha Tanga. Alisimama akipunga mikono: "Hapana, hapana! Anasifu! Vijana wetu wakipenda kitu ndivyo wanavyosema!"

Nikasikia kicheko. Nilikijua: ni Naelijwa, kajiziba mdomo kwa kanga na machozi yanamtoka. Kanisa zima likafuata, mchungaji naye. Kwaya ikavaa, ikaimba tena, na safari hii aliyetafsiri ni yule bibi.

Nje nikamsogelea mama kwa woga. "Shikamoo mama."

"Marahaba, bwana mkalimani," akaitikia, hakutabasamu, lakini akanikaribisha nyumbani.

Njiani Naelijwa akanimaliza kabisa: "Wewe mwenyewe ukiona pikipiki kali unasema ni noma, ni balaa. Na wewe ungetafsiriwa hivyo?"

Tukaandaliwa makande ya moto, matamu, nikala sahani mbili bila kuinua uso. Mama akaniuliza, "Vipi, makande?" Ulimi ukataka kusema balaa, nikaung'ata.

"Matamu, mama. Matamu sana."

"Sijasikia."

"MATAMU SANA, MAMA!"

Hapo ndipo akacheka. Posa ilipokelewa. Na mimi nimeapa, kitu kikinipendeza nitakisifu kwa Kiswahili cha kueleweka, na mgeni akisifu kwa lugha yake, nitampigia makofi tu.