Bi Geji na shimo la tanki namba mbili

Saa tano asubuhi, jua kali, na yadi yote imenyamaza. Mashine ya kusaga zege imezimwa. Mwanamke wa miaka arobaini na moja amesimama mbele ya tanki la chuma lenye ukubwa wa chumba cha kulala, macho kwenye geji inayopima hewa iliyomo ndani. Mshale unashuka. Hakuna aliyegusa vali wala hakuna panapovuja, lakini unashuka taratibu, kama vile humo ndani kuna mtu anavuta pumzi asiyoitoa.

"Yanakunywa," anasema kwa sauti ya chini.

Yanayokunywa ni mawe. Wenzake wanamwita Bi Geji, na kwa miaka sita kazi yake ni kutibu kokoto zinazotokana na majengo yaliyobomolewa. Kokoto za namna hii hazina sifa nzuri kwa mafundi, maana saruji ya zamani iliyozigandia ina vitundu vingi, hunyonya maji na kudhoofisha zege jipya. Ndani ya tanki huvutishwa hewa ukaa kwa saa mbili. Hewa hiyo hukutana na chokaa iliyomo kwenye saruji, ikageuka kuwa jiwe na kuziba vitundu.

Rundo linalosubiri zamu yake limejaa vyumba vya watu. Kuna kipande chenye rangi ya samawati, kingine chenye nusu ya swichi. Kimoja kina mistari ya penseli, mmoja juu ya mwingine, jinsi wazazi wanavyompima mtoto anavyorefuka. Hicho Bi Geji alikisogeza pembeni. Hakukisaga.

Mama mkwe wake hakuipenda kazi hii tangu mwanzo. Alimtaka akung'ute nguo nje kabla ya kuingia, asije akawaletea vumbi la nyumba za watu asiowajua. Bi Geji alikuwa akicheka na kukung'uta.

Kicheko kilikatika mwaka jana, siku ya Jumanne, saa saba mchana.

Chini ya tanki namba mbili kulikuwa na shimo la kina cha mtu hadi kifuani, lenye bomba la kutolea maji. Shemeji yake, mdogo wa mumewe, ndiye fundi bomba wa yadi. Alishuka kukaza nati, akitania kwamba huko chini kuna baridi nzuri, angehamia na godoro. Halafu akanyamaza.

Bi Geji alipochungulia alimkuta ameketi, mgongo ukutani, spana mapajani, macho wazi. Ungedhani anapumzika. Kando ya kiatu chake mijusi watatu walikuwa wamelala chali. Hakukuwa na harufu wala moshi.

Hewa ukaa ni nzito kuliko hewa ya kawaida. Ilikuwa imevuja polepole na kujaa shimoni kama maji yasiyoonekana.

Msimamizi wa yadi alikwishatia mguu kwenye ngazi. Bi Geji alimkamata mkanda wa suruali na kumvuta hadi wote wawili wakaanguka. Msimamizi alimsukuma, akamwuliza kama anataka shemeji yake afe.

"Ukishuka mtakuwa wawili," alimjibu.

Alikokota feni kubwa ya kupulizia tanki, akatumbukiza bomba lake shimoni na kuiwasha. Walilala kifudifudi ukingoni, wakapitisha kulabu ndefu kwenye mikanda ya ovaroli ya shemeji na kumvuta. Alikuwa na rangi ya majivu. Alizinduka hospitali jioni ile.

"Niliwaona juu, midomo yenu inacheza," anasimulia shemeji, ambaye sasa anafanya kazi ya bomba majumbani. "Sauti zenu sikuzisikia. Nilisikia mawe tu, yananyonya."

Nyumbani mambo yalikuwa magumu zaidi. Mama mkwe alisikia kwamba mkwewe alimzuia mtu asimwokoe mwanawe, na kwa wiki mbili hakumsemesha. Aliyemaliza jambo ni msimamizi, aliyefika mwenyewe, akakaa mkekani.

"Mama, angeniachia, ungemzika mwanao," alimwambia, "na mke wangu angenizika mimi."

Mama mkwe aliinuka, akaingia jikoni. Aliporudi alimpa mkwewe bakuli la chakula kwa mikono miwili.

Shimo lile limefukiwa. Sasa kampuni inajenga yadi ya pili yenye matanki sita, na Bi Geji ameombwa aisimamie. Wiki iliyopita alipewa mchoro auangalie. Aliukuta umechorwa vizuri, na chini ya kila tanki kuna kisanduku kidogo cheusi. Mashimo sita.

Ameyapiga mstari mwekundu yote. Jumatatu ataurudisha kwa mhandisi.

"Kazi naitaka, na cheo nakitaka," anasema huku akiukunja mchoro. "Ila wayafute hayo kwanza. Wasipoyafuta, watafute mtu mwingine, na mtu huyo nitamfuata mwenyewe nimwambie."